Filamu ya Kinu Uliyoniambia Ninunue

Walukuba, Jinja
Jumatatu, saa nne asubuhi

Kaka Wandera,

Barua zetu za shuleni zilianza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, kwa hiyo nitaanza na yangu. Sijaenda kazini leo. Nimempigia msimamizi wa stoo nikamwambia naumwa tumbo. Katika miaka kumi na miwili sijawahi kumdanganya, na leo nimemdanganya bila hata kuona haya.

Nimeipata ile filamu. Nimeinunua na nimeiangalia mara mbili. Uliniomba jambo dogo sana kuhusu filamu hiyo, nikakataa, na sasa nakujibu wakati jibu halikusaidii kitu.

Nimelitoa daftari la mwaka jana kutafuta siku ile. Nanukuu nilivyoandika: "Jumapili. Mvua asubuhi. W. amepiga simu kutoka Mbale. Anataka ninunue filamu ya vita aliyoitafsiri. Nimemwambia haifai. Nimefua mashati." Basi. Wewe na mashati mlipata nafasi sawa.

Lakini nakumbuka zaidi ya nilivyoandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono ina povu, simu nimeibana begani. Ukasema, "Karani, nimerekodi filamu mpya." Karani, jina ulilonibandika tangu darasa la tano kwa sababu ya madaftari yangu. Nikakuuliza mpya ya lini. Ukacheka: "Filamu ni kuukuu, sauti ndiyo mpya. Ni ya vita. Askari wanalinda kinu." Nikakuambia, "Kaka, nani ananunua diski siku hizi? Tena vita vya watu waliokwisha kufa wote? Tafsiri za mapenzi. Tafsiri za Wakorea." Ukasema, "Wewe nunua, usikilize vizuri, halafu uniambie kama inafaa." Nikajibu kwamba nyumba yangu ni ndogo, sina mahali pa kuweka takataka. Kisha ukasema haraka haraka kwamba chaji inaisha, na simu ikakatika.

Takataka. Ndilo neno nililotumia.

Miezi saba baadaye tulikuzika Buwenge, kando ya baba. Unajua siku zako za mwisho zilikuwa wiki tatu tu hospitalini, ndivyo sisi tulivyozihesabu. Daktari alinivuta kando akasema, "Mngemleta mapema." Nilidhani ndivyo wanavyomwambia kila mtu. Nikatoka nje nikamwambia mama kwamba ilikuwa ghafla, kwamba mapafu yalijaa ghafla na hakuna aliyeweza kujua. Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mpaka leo kila mgeni anayefika anaambiwa: "Mungu alimchukua haraka mtoto wangu, hakumtesa." Halafu anashukuru. Nami nakaa hapo hapo, nanywa chai.

Nikupe habari za mama. Ana afya. Kuku wamebaki wanne. Amehama chumba cha nyuma, analala kile ulichokuwa ukilala wewe ukija. Tangu mwezi wa tatu baada ya mazishi ana lalamiko moja tu: "Sura yake ninayo. Sauti inanipotea." Ananipigia simu jioni ananiuliza, "Hivi alikuwa akisema 'mama' kwa kuvuta, au kwa kukata?" Mimi nasema kwa kuvuta. Siku nyingine anauliza tena kama vile hakuniuliza. Simu yako ilipotelea hospitalini. Yangu ni ya vibonyezo, haihifadhi sauti ya mtu. Mwanamume aliyeishi kwa kutafsiri filamu kwa kelele kwenye maikrofoni miaka kumi na tano, na hatukuwa na hata sekunde moja ya sauti yake. Ndipo nikakumbuka kinu.

Jumamosi nikaenda Mbale.

Kibanda chako cha video cha Malukhu ni nyumba ya kubeti sasa, kaka. Mabenchi yameondolewa. Ukuta uliokuwa ukiuegemea umepakwa rangi ya kijani, na mahali pa televisheni yako moja ziko televisheni sita, zote hazina sauti. Nilisimama pale nikajaribu kuwaona watu wako: askari magereza wa kutoka zamu, polisi wawili watatu, madereva wa malori wa Kenya, wote waliokuja kwako kwa sababu watafsiri wengine walitafsiri kwa Kiganda na wewe peke yako ulitafsiri kwa Kiswahili. Kiswahili chetu cha nyumba za magereza, alikokuwa askari baba, kile ambacho watoto wenzetu walikikimbia wakituita watoto wa afande. Wewe ulikitafutia kazi.

Hajji, mwenye kibanda, yupo bado. Alinikumbatia. Nilipomuuliza diski akapiga makofi kwa huzuni. "Bwana, diski! Diski mke wangu amezitundika kwenye mtama kufukuza ndege." Nilidhani anatania. Akanipeleka nyuma ya nyumba, na kweli zilikuwepo, zimefungwa kwa nyuzi, zinazunguka na kumetameta juu ya mtama. Nilizishika moja moja nikasoma. Yako haikuwepo. Hajji alisimama na kofia mkononi. "Alikuwa mchangamfu mno, ndugu yako," akasema. "Mwishoni akawa haji kibandani, akasema anarekodi chumbani kwake, huko kuna utulivu." Nilisikia, nikaliacha lipite. Tangu mkeo alipokwenda Nairobi asirudi, kila mtu alijua unapenda kukaa chumbani.

Niliipata karibu na soko, kwa dada mmoja anayeingiza nyimbo kwenye simu za watu. Chini ya meza alikuwa na boksi la diski za zamani. Karatasi ya nje ni fotokopi, jina la filamu limefutika, limebaki jina lako na picha ya mtu mwenye bunduki. Dada yule aliiangalia, akaniangalia. "Mzee, hiyo usinunue. Ni ya zamani, tena ya vita. Lete flashi nikupe za Wakorea." Nikasema nataka hiyo hiyo. "Haya, shauri yako. Na huyo mtafsiri hata hatoi nyingine, sijui alipotelea wapi." Nikamwambia alisafiri. Akacheka. "Basi akirudi mwambie vita haviuzi!"

Nilisimama pale na chenji mkononi nisijue pa kwenda. Kila neno lake lilikuwa langu.

Jana, baada ya misa, niliazima mashine ya diski kwa jirani, nikafunga mlango, nikakaa na daftari. Unanijua. Niliandika juu ya ukurasa: picha, sauti, hadithi. Uliniuliza kama inafaa, nikaamua kukujibu kama karani.

Picha: imechoka, theluji ni ya kijivu kuliko nyeupe. Hadithi: askari tisa wanaambiwa walinde kinu cha kusaga ngano mlimani, hawaelezwi kwa nini, na wanakufa mmoja mmoja. Nusu saa ya kwanza wanamenya viazi. Ningekuwa sikujui ningeizima hapo.

Lakini sauti ikaingia. "Karibuni, karibuni, afande wa mlangoni kaa chini, unawazibia wenzako!" Nikaweka kalamu chini. Ulikuwa chumbani kwangu. Viazi vile, kaka: "Jamani, hata jela yetu watu hula upesi kuliko hawa." Mkubwa wao anapoingia: "Tazama sura, kama mtu aliyekatwa posho." Na yule askari mwembamba mwenye daftari, anayeandika pembeni wenzake wakichimba mahandaki: "Huyu ni mdogo wangu Karani, yuko Walukuba. Risasi zinapita, yeye anaandika hali ya hewa." Nilicheka peke yangu kwa sauti. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo diski niliyokataa, na kwamba uliniweka ndani yake kabla ya kunipigia simu.

Mara ya kwanza sikutambua chochote. Nililia, niliridhika, nikawaza jinsi mama atakavyofurahi. Nikairudisha mwanzo kwa sababu ya mama, nimwandikie dakika zenye maneno mazuri ili tusimchoshe na mapigano.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kwenye mapigano unanyamaza.

Wewe! Wewe uliyekuwa ukipanda juu ya benchi milio ikianza! Ulikuwa ukitafsiri hata risasi. Hajji alikuwa akisema maikrofoni zake zinakufa kwa ajili ya vita vyako. Kwenye diski hii bunduki zikianza tu, unakata katikati ya neno, na zikikoma unarudi kana kwamba hapakuwa na kitu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaweka sikio kwenye spika. Chini ya mizinga kulikuwa na kikohozi.

Nikarudisha. Dakika ya thelathini na nne, kikohozi. Thelathini na tisa. Arobaini na moja, kirefu. Niliandika dakika hizo moja chini ya nyingine mpaka nilipofika ya kumi na nne, nikaacha kwa sababu mwandiko haukuwa wangu tena. Ulikuwa unasubiri, kaka. Ulikuwa unakibana kifuani wakati askari wanaongea, unazungumza kwa mzaha huku umekibana, unasubiri bunduki zikusitiri. Ndiyo maana ulichagua vita. Watu wanataka mapenzi, wewe unachukua filamu kuukuu yenye milio mingi, kwa sababu kwenye mapenzi kuna kimya kingi na kila mtu angesikia.

Na karibu na mwisho mlio wa bomu moja uliisha mapema kuliko ulivyotazamia. Kinu kimeanguka, theluji inashuka, hakuna anayesema, na katikati ya ukimya ule ni wewe unakohoa, wazi kabisa, kikohozi cha mtu mgonjwa sana. Kisha unavuta pumzi. Kisha unasema kwa sauti ya mzaha, "Samahani wapendwa, ni vumbi la unga."

Mara ya kwanza nilikicheka kichekesho hicho. Nataka ujue hilo pia.

Sasa nimeyasoma maneno yako ya kwenye simu mara nyingi kichwani, na sijui maana yake. "Usikilize vizuri, halafu uniambie." Ulitaka nikuhakikishie kwamba hakisikiki, ili uendelee na kazi? Au ulitaka mtu mmoja duniani asikie, na ukamchagua yule anayeandika kila kitu? Chaji haikuwa inaisha. Ulikata simu ukakohoe. Miezi saba, kaka. Mtu akipelekwa hospitali miezi saba kabla, anapona. Nimeuliza. Nilimuuliza muuguzi anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, asubuhi hii, kabla sijaanza barua. Nilijifanya namuulizia rafiki. Akasema, "Mapema hivyo? Dawa tu, na subira."

Mtu asiyekujua akiniuliza kama filamu ile inafaa kununuliwa, nitamwambia hapana, ni ndefu na picha ni mbaya. Mimi mwenyewe sitaiangalia tena kwa hiari yangu. Nilitaka kuandika hapa kwamba najuta, lakini neno lenyewe ni jepesi mno. Sioni mahali pa kuweka jambo hili. Nikila lipo, nikikaa kimya lipo. Sina imani kwamba litapungua.

Jambo lililobaki ni mama. Nilimpigia Jumamosi nikiwa bado Mbale, kwa furaha, nikamwambia, "Mama, sauti yake nimeipata." Akapiga kigelegele peke yake kwenye simu. Jana jioni akapiga tena: "Unaileta lini?" Amekwisha kumwambia jirani yake. Ameomba waazime jenereta ya kanisa.

Akisikia dakika mbili za hapa na pale, atakufurahia na ataendelea kumshukuru Mungu kwa kukuchukua haraka. Naweza kufanya hivyo. Ninazo dakika nzuri, nimeziandika. Lakini mama alikulea na pumu ya utotoni, aliamka na kila pumzi yako. Akiisikia yote, atajua hata bila kusubiri ile theluji. Na atajua kwamba haikuwa ghafla, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia ni ghafla, na atauliza kama kulikuwa na mtu aliyejua.

Nimekaa na jambo hili tangu alfajiri. Nikimkatia dakika nzuri, nitakuwa nimekuficha mara ya pili, na safari hii nikiwa najua. Hiyo sauti ni yako yote, na mama ni mama yako.

Kwa hiyo Jumapili nitakwenda Buwenge na diski. Nitamwomba jirani asije, jenereta iwepo lakini watu wasiwepo. Nitaiweka kuanzia viazi mpaka mwisho. Kikifika kikohozi cha wazi sitazungumza, sitainuka kumimina chai, nitaacha asikie. Halafu, kabla hajaniuliza, nitamwambia kuhusu simu ile ya Jumapili, na neno nililolitumia nitalitaja kama lilivyo. Hilo nakuahidi. Asiponisamehe, sitamlaumu, na wewe usimlaumu.

Nenda, kaka. Nakuacha hapa kwa sababu lazima nikapande gari la Buwenge leo leo kumwambia mama uso kwa uso, kabla ya hiyo Jumapili, asialike watu.

Ni mimi mdogo wako,
Karani