Windows Inakubali Nyeri, Inakataa Gakindu

Mshauri wetu Dada Murugi,

Naomba unisaidie kabla moyo wangu haujapasuka, maana nimesoma majibu yako katika gazeti hili miaka mingi na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja mwandishi wa barua nitakuwa mimi. Mimi ni mjane, mpiga taipu hapa sokoni Gakindu, na taipureta yangu ndiyo imelea nyumba hii tangu mume wangu atutoke, nimepiga mikataba ya mashamba, mitihani ya shule na ratiba za mazishi mpaka vidole vikapinda, lakini siku hizi mtu akifiwa anakwenda Nyeri mjini kwa sababu huko ratiba inatoka kwenye kompyuta ikiwa na maua pembeni, na mimi ninabaki nikiangalia barabara.

Binti yangu wa pekee, Kagure, ana mchumba anayeitwa Ndwiga, kijana wa Embu upande wa Runyenjes, ambaye kazi yake ni kuunda kompyuta katika chumba alichokodi pale Nyeri, ananunua vipande Nairobi na kuviunganisha. Aliposikia shida yangu alisema, "Mama, wachana na za duka, mimi nitakuundia yako mpya kabisa." Nikauza ng'ombe, nikampa pesa, na sikumwomba risiti kwa sababu nilimhesabu kuwa mtoto wangu. Nilikwenda kuiona ikiwa mezani kwake, imefunguliwa ubavu na matumbo yote nje, akaweka ile Windows mbele ya macho yangu, ikaingia vizuri mpaka mwisho na kupiga ule muziki wake mdogo wa kufunguka. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Tukaileta nyumbani, akina mama wa kanisa wakaja kuiombea, na wakaniletea zawadi ya kitambaa cheupe walichofuma wenyewe kwa uzi wa sweta, kinafunika sanduku lote la kompyuta mpaka chini, wameacha tundu la kidude cha kuwashia na la mahali CD inaingilia, basi. Nikaiweka ndani ya lile kabati la televisheni lenye milango na kufuli, kwa sababu ya vumbi la barabara na kwa sababu ya wezi, nikaona imependeza. Tangu siku hiyo ni taabu tupu. Unaiwasha, unapiga barua kidogo, inaganda. Iliganda na kuzimwa hivyo mpaka ikakataa kufunguka kabisa, ikawa inaleta tu maandishi meupe ya Kiingereza kwenye skrini nyeusi.

Ndwiga akaja, akasema faili zimeharibika kwa kuzimwa ovyo, tuweke Windows upya. Akaanza ikiwa mlemle kabatini, ule mstari wa buluu unaoonyesha kazi imefika wapi ukatembea mpaka katikati, ukasimama. Akazima, akaanza tena palepale, ukasimama hata kabla ya kufika katikati. Akaibeba mpaka Nyeri, na kesho yake akapiga simu kwa duka la jirani akisema imekubali mpaka mwisho. Akairudisha, nikaifunika vizuri, na kabla ya jioni ikaganda tena.

Sasa niambie, Dada, kitu kizima Nyeri na kibovu Gakindu ni kitu gani kama si ujanja? Nilifikiri nikaona jibu liko wazi, kwamba akiwa kwake anaweka vipande vizuri, na kabla ya kuniletea anavitoa na kuweka mitumba. Nilipomwuliza, tena kwa upole, aliliacha swali langu na kuanza kukosoa nyumba yangu. "Mama," alisema, "tutoe hii kitambaa, na hii kabati tuache. Hii kitu inataka hewa." Kijana ambaye kwake hana hata kiti cha mgeni ananifundisha kupanga sebule, na kitambaa kimeombewa! Nilimwambia televisheni yangu ilikaa ndani ya kabati hilohilo chini ya kitambaa miaka yote, na haijawahi kuomba hewa.

Kaka yangu Gathogo akaniletea fundi mwingine kutoka Karatina. Huyo akafungua sanduku, akanionyesha feni ndogo ya ndani ikiwa imejaa nyuzi nyeupe na vumbi, akasema, "Mama, kitu mpya haiwezi kuwa chafu hivi. Hii feni ni ya zamani, ati umeuziwa mpya? Umeibiwa." Akasema nimwachie mashine yote aibebe kama vipuri, halafu atanitafutia nyingine. Hapo damu ilinichemka.

Jumamosi iliyofuata ndiyo siku watu wa Ndwiga walikuja kuzungumza mahari. Nyumba ilijaa, chakula kilikuwa tayari mezani, na kabla hakijaombewa nilisimama nikafungua kabati, nikawaonyesha kompyuta, nikasema mbele ya wazee wote kwamba siwezi kumpa binti yangu mwizi aliyeanza kuniibia kabla hajawa mkwe. Baba yake, Mzee Jamleck, aliweka kikombe chini. "Mama Kagure," alisema, "sisi tulikuja kuomba msichana, hatukukuja kuuza kompyuta. Huwezi kuita kijana yangu mwizi halafu unipee chakula. Sisi tutakula kwetu." Wakainuka wote, hakuna aliyeonja hata kipande cha kiazi. Kagure aliwafuata mpaka langoni, nikadhani anawasindikiza, kumbe alikuwa anapanda gari lao.

Sasa yuko Nyeri kwa rafiki yake na ametuma neno kwamba nisimtafute. Watu wa Embu wamesema hawarudi. Nyumba imenyamaza, chakula kile nililishia mbwa, na kila nikiliona lile kabati ninajisikia kulipiga shoka. Nimepoteza ng'ombe, nimepoteza kazi, nimepoteza mtoto, na mwenye makosa anatembea Nyeri kifua mbele. Je, nimshtaki Ndwiga polisi? Huyu wa Karatina nimwachie mashine? Na nifanye nini Kagure arudi nyumbani?

Wako mwenye uchungu,
Mama Kagure, Gakindu.

*

Mama Kagure,

Pole. Mwanamke aliyelea mtoto kwa taipureta si mtu wa kuchekwa, na pole hiyo ninakupa kwa moyo wote. Ishike vizuri, maana mengine niliyo nayo hayatakupendeza.

Nimekasirika nikisoma barua yako, kwa sababu jibu umeliandika kwa mkono wako mwenyewe na ukalipita bila kulisalimia. Kule Nyeri kompyuta ilikuwa mezani, ubavu wazi, na ikafanya kazi. Kwako umeivalisha sweta, ukaifungia kabatini, na ikagoma. Nilimsomea fundi anayetunza mashine za gazeti letu, na tulipofika kwenye kitambaa alinizuia nisiendelee. Ndani ya lile sanduku, anasema, kuna kipande kinachopata moto kama pasi, na ile feni iko hapo ili moto utoke. Ukifunika, moto hauna pa kwenda, na kipande hicho kikizidi joto mashine inaganda. Kuweka Windows ni kazi ndefu, ndiyo maana inafia katikati, na ukianza tena kabla haijapoa inafia mapema zaidi. Hayo yote uliyaona. Televisheni yako nayo ilikuwa inavumilia tu.

Halafu zile nyuzi nyeupe. Mama, kitambaa chako ni cha rangi gani? Feni ilikuwa mpya, nayo imekuwa ikivuta uzi wa akina mama wa kanisa tangu siku uliyoifunika. Ulisimama mbele ya wazee ukiwa umeshika ushahidi wa kosa lako, ukamhukumu mtoto wa watu. Na huyo bwana wa Karatina, ama kazi haijui ama anaijua kupita kiasi. Mtu anayekuambia kitu chako ni takataka kisha anaomba kuondoka nacho ni wa kuonyeshwa mlango.

Lakini hata hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba Ndwiga alikuambia. Ulimwuliza swali, akakujibu kwa heshima na kwa maneno mepesi, kwamba kitu hiki kinataka hewa. Wewe ukasikia sebule yako inatukanwa. Niambie ukweli, angekuwa na viti vya mgeni, ungemsikia?

Sasa fanya hivi. Polisi usiende, utajiaibisha mara ya pili. Mashine usimpe mtu. Itoe kabatini uiweke mezani, mbali kidogo na ukuta, na kitambaa uvue. Hakuna aliyesema ukichome, kitandike kwenye kochi, na akina mama wakiuliza waeleze, wao waliombea kompyuta ifanye kazi, hawakuombea ifunikwe. Waya ukiwa umechomolewa, feni isafishwe kwa brashi laini mpaka uzi wote utoke. Iache ipoe kabisa, kisha Windows iwekwe upya kuanzia mwanzo, na ule mstari uangalie ukipita katikati. Bado ikigoma, huenda memori imeungua kwa joto ulilolipika wewe, na hiyo itataka mkono wa Ndwiga, kama atakubali kuingia kwako tena.

Kuhusu Kagure, usitume mtu, usimwite nyumbani, usimlilie. Yeye hana deni kwako. Maneno uliyasema mbele ya wazee, kwa hiyo hayafutwi kwa salamu za kanisani. Mchukue Gathogo, aliyekuletea fundi, na wale wa kwenu waliokuwa wameketi pale wakasikia, mwende wote Runyenjes mpaka kwa Mzee Jamleck. Usieleze habari ya vumbi wala ya wezi wala ya kabati. Sema kwamba ulimwita Ndwiga mwizi na haikuwa kweli. Wanaweza kukunyima chai, na wakikunyima usinune, wao wamewahi kuondoka kwako na njaa.

Nakujua unawaza nini sasa. Unawaza uvue kitambaa kwanza, uijaribu, ukisikia ule muziki mdogo ndipo ujue kama safari ina haja. Hapana. Ulipomwita mwizi hukungoja kuhakikisha, basi kuomba msamaha nako usingoje. Nenda Runyenjes kwanza. Ikija kukubali baadaye, vizuri, na ikikataa, bado ulimkosea.

Kompyuta itakungoja hapo mezani, haina pengine pa kwenda. Kagure anapo.

Dada Murugi