Kibao Chako cha Chepilat

Mpendwa binti yangu Chebet,

Naandika polepole, unajua shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hivyo nivumilie. Hapa tuko wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na chai inachipuka haraka kuliko mikono yetu inavyochuma. Ni mimi tu sina amani.

Unakumbuka likizo yako ya kwanza kutoka ile shule ya sheria? Ulituambia huko hakuna kukariri vitabu tu, mnafundishwa kazi yenyewe: kukaa kortini mkisikiliza kesi, kuandika barua za madai, kuhoji shahidi. Ukanigeuza mimi shahidi pale jikoni, nikisonga ugali, na wewe umejifunga shuka yangu nyeusi kama joho.

"Shahidi, huyo kuku aliyeibwa, ulimwona akiibwa kwa macho yako, ama uliambiwa?"

"Niliambiwa na jirani."

"Basi korti haitaki. Keti chini."

"Nikiketi, huu ugali utasongwa na hakimu?"

Tulicheka mpaka ugali ukaungua. Na huko kwa kituo cha kuuzia chai, wakaacha kuniita Bot Chebet, mama ya Chebet, wakaanza kuniita Mama Wakili. Sitadanganya, nilipenda.

Halafu mwaka jana ukanifuata katikati ya shamba la chai, ukaniambia ukilia kwamba wale wa Nairobi wanaoandikisha mawakili hawaitambui shule yenu. Mlimaliza masomo, lakini hamwezi kusimama mbele ya hakimu kama mawakili. "Mama, kazi naijua. Ni muhuri tu nimenyimwa." Ukaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia hata baba yako. Ukaenda, na hujarudi.

Wiki iliyopita mjomba wako aliingia hapa akihema. "Dada, binti yako amefungua ofisi Chepilat! Kibao kikubwa, kimeandikwa Wakili! Na wewe umenyamaza, unatuficha sherehe?" Nikakumbuka vile ulinifundisha: uliona, ama uliambiwa? Nikaenda kuona.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na wauza ndizi. Kibao kipo, na jina lako lipo. Ukatoka na koti jeusi, ukampokea mzee mmoja aliyebeba karatasi za shamba ndani ya mfuko wa nailoni, ameukumbatia kama mtoto. Ulimsalimia kwa mikono miwili, vile nilikufundisha. Umekonda. Nilitaka kuvuka, nikarudi nyuma. Niliogopa kukuaibisha mbele yake.

Chebet, sibishani, kazi unaijua. Pengine wale wa Nairobi wamekukosea. Lakini siku ya kesi hakimu akikuuliza cheti cha uwakili, wewe utapelekwa ndani, na yule mzee? Atabaki hapo kortini amekumbatia mfuko wake, hana mtu. Nikilala namwona yeye, nikiamka nakuona wewe. Mpeleke kwa wakili mwenye cheti. Na kama huyo wakili atakubali umwandikie makaratasi yake, mwandikie. Hiyo pia ni kazi.

Jana karani wa chai aliita, "Mama Wakili, leta kikapu!" Sikusogea. Akaita tena. Nikamwambia, "Niite Bot Chebet."

Wanawake wakaangua kicheko. "Heh! Wakili amekufuta kazi?"

Nikacheka nao kidogo, lakini sikusogea mpaka akaniita vizuri. Jina hilo nilipewa siku ulipozaliwa, mchana, jua likiwaka, ndiyo maana tukakuita Chebet. Halikungoja mtu wa Nairobi.

Shusha kibao, mwanangu. Halafu uje nyumbani, na usije gizani kwa njia ya nyuma kama mwizi. Uje mchana, upitie kituo cha chai wote wakiwa hapo. Utanikuta kwa foleni. Nitaacha kikapu nikupokee kwa mikono miwili.

Mama yako,
Bot Chebet