Mechi ya Ijumaa Saa Saba

Ukunda

Shikamoo Mama,

Pokea salamu zangu kutoka huku pwani, na dada Ndinda anayekusomea achukue fungu lake. Mguu wako unaendeleaje? Mvua ile ilibakisha mbaazi au ilizoa zote? Mimi mwili ni mzima. Ndinda, tafadhali simama hapa kwanza. Kama kuna mgeni, mpe chai aende zake, kisha umsomee Mama yaliyobaki mkiwa wawili tu.

Mama, kaka Mutua hana kazi. Hana tangu mwaka jana, baada ya zile fujo za huku pwani, wageni walipoacha kuja na hoteli za Diani zikaanza kufunga milango. Alinikataza kukuandikia. Nilikuwa nimeshaandika barua nyingine ya kusema haji Krismasi kwa sababu kazi zimemzidi. Nimeichana.

Hawakumfukuza. Waliambiwa wapumzike, wataitwa. Sasa kwa kuwa hakufukuzwa, hapewi malipo ya kuachishwa, na kwa kuwa hayuko kazini, hapati mshahara. Darasani mwalimu wa biashara alitufundisha kwa Kiingereza kwamba ziko nchi ambako mtu akikosa kazi serikali humlipa kitu kila wiki mpaka apate nyingine. Nilirudi mbio nikamweleza kaka kwa Kiswahili. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwende, huko ndiko wageni wetu wanakotoka. Kumbe hata asiye na kazi huja kuota jua hapa, mimi nikimbebea sinia!"

Lakini mimi bado naona ni haki. Hata ng'ombe wa kulima akipumzishwa hupewa majani.

Unajua ninavyopenda mpira, ingawa uwanjani najificha nyuma ya wenzangu na sauti haitoki. Timu ya chuo chetu sijaikosa hata mara moja. Ada ya michezo tunatozwa kila muhula, ila mpira wenyewe umeshonwa mpaka umekuwa kama boga. Zamani hoteli ndizo zilizotupa mipira na jezi. Basi ikaja habari kuwa meneja mpya wa hoteli ya kaka anataka kuunda timu, na watakaocheza vizuri atawarudisha kazini. Wale waliopumzishwa wana timu yao. Nahodha ni Bakari, mpishi, mtu wa Munje, huku huku pwani, tena ndiye kipa. Ikapangwa wacheze na chuo chetu, meneja aje atazame.

Ubaya ulikuwa kwenye ratiba. Jumamosi uwanja ni wa shule ya jirani. Jumapili mwalimu wetu wa michezo, mtu wa bara kama sisi na mzee wa kanisa, alikataa kabisa. Akaweka Ijumaa, saa saba mchana. Bakari akaja chuoni kumwona, nami nilikuwa hapo nafua jezi.

"Mwalimu, Ijumaa saa saba sisi tuko msikitini. Wote, isipokuwa Mutua na wawili wengine."

"Salini haraka haraka, mje."

"Swala si chai ya kumeza, mwalimu. Tuweke saa tisa."

"Saa tisa meneja atakuwa ameshavuka feri. Njooni mkimaliza, tutawangoja."

"Ahadi?"

"Ahadi, bwana."

Siku yenyewe meneja alifika saa saba kamili, akaletewa kiti cha mkuu wa chuo. Kaka na wale wawili walikuwa uwanjani wakijinyoosha na kupigiana pasi, watatu wanajifanya kumi na mmoja. Meneja akatazama saa. Akatazama tena. Mwalimu badala ya kumweleza akacheka: "Hawa watu wa pwani, unawajua mwenyewe." Refa akapuliza kipenga, chuo tukapewa ushindi wa mezani. Wenzangu wakaruka.

Akinyi wa darasani kwetu akanivuta. "Piga makofi wewe, tumeshinda!"

"Tumemshinda nani?"

Meneja aliondoka, na gari lake likapishana na kina Bakari wanakuja mbio, kanzu wamezikunja kiunoni, jezi zimo ndani. Bakari alifika anahema. "Mbona meneja katupungia mkono? Nikadhani anakwenda kuleta wenzake."

Walicheza hata hivyo, Mama. Kaka alifunga mabao mawili, la pili kwa kichwa, na chuo changu hakikupata hata moja. Nilipiga kelele mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani. Aliyetakiwa kuona alikuwa ameshafika Likoni, kwenye feri.

Kesho yake likaja neno kwamba hoteli haitaki watu wasiojua saa. Bakari akamwambia kaka, "Wewe saa saba ulikuwepo. Nenda kaseme. Hatutakuwekea kinyongo." Kaka akakataa. Wiki nzima alikataa, halafu asubuhi moja akanyoa ndevu akaenda. Langoni akaambiwa nafasi zimejaa, wameletwa watu kutoka kwingine. Hilo angelimeza. Kinachomla ni kwamba katika kubembeleza alimwambia askari wa lango, "Mimi si kama wale." Na askari yule ni shemeji yake Bakari.

Sasa kazi hana, na kwa Bakari hapiti. Huzunguka kwa nyuma, njia ya miiba. Mke wa Bakari bado hutuletea muhogo wa nazi. Kaka haugusi. Mimi naula peke yangu, na kila tonge naona haya.

Chuo nitamaliza muhula huu, kisha basi, naacha. Usiuze kitu kwa ajili yangu. Waliotoka na vyeti mwaka jana wamekaa barazani na kaka. Wala usimwite nyumbani. Akiitwa atajua nimesema.

Nisalimie Bibi, umwambie dawa ya macho sijaipata. Na Baba mdogo Nzioka, anayeuliza kila mara kama Mutua anaweza kumtafutia mwanawe nafasi hotelini, msalimie sana. Akiuliza tena, Mama, sijui umwambie nini.

Ni mimi bintiyo,
Mwende