Kamugisha, Hukuniweka Kwenye Mashine Yako

Kamugisha,

Ni mimi baba yako. Naandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie, ingawa mkeo alijipendekeza. Darasa la tatu langu linatosha. Kijiji kizima hiki, nani wa umri wangu anaandika barua bila kuazima miwani? Hakuna.

Mashine imefika. Ile uliyoisubiri. Wewe umekufa haraka haraka kama mtu anayeitwa, na yenyewe ikaja wiki ile tuliyomaliza matanga. Imekaa kule chini, mwisho wa kibanja changu cha migomba, bati linang'aa, inakausha kahawa kwa moto na feni, mvua inyeshe isinyeshe. Wewe hukuigusa. Uliigusa ile ya uongo tu.

Nakumbuka ulikuja Pasaka, ukakaa barazani na kompyuta, ukaniambia unaandika programu ya kuiendesha mashine, na mashine yenyewe bado iko baharini. Nikakuuliza, sasa unaijaribia wapi? Ukasema umetengeneza nyingine humo humo ndani, ya kuigiza, inaidanganya programu kwamba kuna moto, kuna feni, kuna magunia ya kahawa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikawaita majirani waje wamwone msomi anayekausha kahawa isiyokuwepo. Ulinuna. Haki yako, ila ilichekesha.

Ukaiunguza ile mashine mbele yangu, kusudi. Ukazima feni, ukaacha moto, kioo cha kompyuta kikawa chekundu chote. "Tata, hii ni ya kuigiza. Ikiungua naanza upya." Ulisema unacheka. Haya, ndiyo hivyo sasa. Ulizoea vitu vinavyoanza upya, ukapanda pikipiki kwenye mteremko wa Kimwani, mvua inanyesha, ukaanguka nayo. Nilipokuona mochwari nilitaka kukupiga kofi. Mkono ulikuwa juu tayari. Mjomba wako akanishika.

Basi. Jovinata, yule mwenzako wa kazi wa Kitendaguro, alikuja na kompyuta yako akaiunganisha programu na mashine ya kweli. Wenzangu wa kikundi chetu cha wakulima wakaogopa kutoa kahawa yao. Mimi nikatoa yangu, mavuno yote. Sikukuhurumia, usijidanganye. Nilitaka waone kazi ya nyumba yangu.

Ikaenda vizuri kutwa nzima. Kesho yake akaja mkwe, baba wa mkeo, kutoka Rubafu. Mgeni wa heshima vile, nimwonyeshe mashine imefungwa kama kabati? Nikafungua mlango, nikachota kahawa, nikampa aume, na mimi nikauma. Sisi kahawa iliyokauka tunaijua kwa jino. Tukasimama pale tunauma, tunasifu, tunawasengenya waliokataa kuleta ya kwao. Mlango wazi. Kumbe kipimajoto kimepachikwa kando ya mlango. Kikapigwa na upepo, programu yako ikadhani ndani kote kuna baridi, ikaongeza moto. Ikaongeza tena. Kahawa ya nyuma yote imekuwa mkaa. Mavuno yangu, Kamugisha.

"Nani kafungua mlango?" mwenyekiti wa kikundi akauliza.

"Mimi. Kahawa yangu, ulitaka nimwombe nani ruhusa?"

Jovinata akatuonyesha mambo yote uliyoyajaribu kwenye ile ya uongo. Umeme kukatika. Feni kukwama. Kahawa iliyolowa mvua. Hata panya kukata waya. Panya, Kamugisha! Panya umemkumbuka. Baba yako aliyekulea, unayemjua hawezi kupita penye kahawa bila kuuma, hukumweka.

Sasa mwenyekiti anataka programu yako itolewe, waweke ya hao waliouza mashine. Nimemwambia mashine iko kwenye ardhi yangu, na kazi ya mwanangu haitoki humo mpaka nitolewe mimi kwanza. Ananijua.

Jovinata anairekebisha programu. Anakuja ananiambia kwa heshima zote, "Waitu Tata, fungua kama siku ile." Nafungua, nauma, napiga soga, yeye anaandika. Anasema mle kwenye ile ya kuigiza sasa kuna mzee, anafungua mlango wakati wowote anapojisikia. Mkeo aliposikia akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, halafu akakimbilia jikoni analia. Nikamfokea alete chai. Ningefanya nini?

Haya, lala. Kaburi lako nalifyeka mwenyewe, simwachii mtu, maana hapa hakuna anayejua kushika panga. Na nakuahidi jambo moja. Msimu ujao kahawa yangu itaingia tena ya kwanza, na mlango nitaufungua, mgeni awepo asiwepo. Wewe mwenyewe nilikushinda, ukahamia Bukoba kunikimbia. Tuone kama kazi yako itanivumilia.

Baba yako