Waridi la Mama Katika Nyumba ya Kiwanda

Bariadi, Jumamosi, Novemba

Hatimaye leo nimeingia kwenye ule uwanja wa nyumba yetu ya zamani. Tangu kiwanda cha pamba kiuzwe kwa mtu binafsi, na baba aambiwe aache kazi na nyumba, nilikuwa napita barabarani tu, natazama ukuta.

Mpangaji wa sasa ni mwanamke kijana. Nilimweleza kwamba marehemu mama yangu alipanda mawaridi pale, naomba tawi moja tu la lile jekundu.

"Karibu, mayu, chagua," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ila yote nimeyapunguza matawi, hayana maua."

Mashina matatu, vijiti vitupu. Mimi niliyekuwa nayamwagilia kila jioni nilisimama pale sijui lipi ni lipi. Nikaona aibu. Nilikumbuka tu kwamba la mama lilikuwa na miiba michache. Nikayapapasa. Mawili yalikuwa hivyo.

"Unatafuta lile linalonukia asubuhi tu, kabla jua halijawa kali?" akauliza, akanionyesha la katikati.

Harufu ile nilikuwa nimeisahau kabisa. Mgeni ndiye amenikumbusha.

Tawi nimelipanda kwenye kopo. Huenda lisishike, mvua zenyewe bado za kusuasua.

Wakati naaga alisema, "Hili la katikati likichanua nitakuita, mayu. Uje mapema unuse."

Niliitikia. Sikuthubutu kumwambia ninachotaka hasa: kulala usiku mmoja tu mle chumbani mwangu mwa zamani, na alfajiri mama aje afungue dirisha, harufu iingie.