Gari la Tabo Kisiwani Chovai

Alhamisi, 13 Disemba 1990. Kismayo

Samaki tena. Barafu tena. Nimepakia tangu alfajiri, shati linanuka papa, na pikapu ya tajiri imekohoa njia nzima. Nakanyaga mafuta hadi chini, haiendi. Miaka ishirini na mmoja, dereva wa vichwa vya samaki. Nimechoka nayo, nimejichoka na mimi.

Adhuhuri nimepita nyumbani kwa Mtaliani wa mashamba ya ndizi. Anafunga mizigo arudi kwao. Gari lake liko nje, linauzwa. Jekundu. Milango miwili. Lina tabo, kile kidude kinachoshindilia hewa ndani ya injini mpaka gari linataka kuruka. Nilikuwa nasikia habari zake kwa mafundi tu. Leo nimeligusa. Chakula cha mchana sikukitaka.

Jumamosi, 15 Disemba

Nimelinunua. Wallahi nimelinunua.

Fedha ilikuwa ya mashine mpya ya mashua. Mimi na mjomba Shee tulikuwa tunaiweka pamoja. Nimetoa fungu langu, lake sikuligusa. Kwa hiyo kosa langu liko wapi? Mjomba hakupiga kelele. Kasema, "Haya, Lali. Basi ntaendelea na ile mbovu." Akarudi kwenye wavu wake. Bora angenitukana.

Mama kapiga kelele kwa niaba ya wote wawili. Kwamba mchu mwenye akili hanunui gari la mbio wakati wenye magari wanakimbia nchi. Dada yangu Mwanaesha pekee ndiye aliyetoka nje. Ana mimba ya miezi minne, mumewe baharia yuko Jidda. Kalizunguka gari, kaketi ndani, kashusha kioo, kakipandisha. "Nipeleke popote," kasema. Nimempeleka hadi bandarini na kurudi. Nampenda sana dada yangu.

Jumatatu, 17 Disemba

Barabara ya Jilib, asubuhi, peke yangu. Unakanyaga, kimya. Unadhani limekataa. Halafu tabo inaamka na kiti kinakusukuma mgongoni. Nimepiga ukelele kama mwendawazimu. Ngamia wa watu wamekimbia.

Nilipofika kwa fundi nikazima papo hapo. Akaja juu. Gari la tabo halizimwi hivyo, liache lingurume kidogo lipoe, la sivyo utaiunguza tabo. Kaniuliza nimejifunzia wapi. Nimejifunzia mashuani, nikamwambia. Kwetu mashine huzimwa kabla chombo hakijagusa mchanga. Kacheka mpaka kakohoa. Sijapenda alivyocheka.

Ijumaa, 4 Januari 1991

Mogadishu inaungua tangu wiki iliyopita. Watu wanaingia mjini kwa malori, wengine kwa miguu. Vijana wenye bunduki wanachukua magari. Wanakata paa kwa msumeno, wanafunga mzinga juu. Jana wamechukua pikapu ya tajiri. Kazi imekwisha hivyo tu, sikuagwa wala sikulipwa.

Kwa kinyozi wameuliza lile jekundu ni la nani. Kinyozi kasema hajui. Kanijia mwenyewe kunambia, jasho linamtoka.

Sisi Wabajuni hatuna bunduki, wala hatuna ukoo wa kututetea. Msomali akinyang'anywa, kuna watu wa kuwaendea. Sisi tutamwendea nani? Mama anataka niliache barabarani na ufunguo ndani, walichukue watusahau. Sitaki. Nimelifunika kwa tanga kuukuu na nyavu. Nakwenda kuliangalia kila mara. Hata kula nakula nimesimama.

Jumapili, 13 Januari

Nimepata njia. Sisi tukitishwa bara tunakimbilia visiwani, tangu enzi za mababu. Tunavusha mbuzi, dhahabu, wanawake, Kurani. Kwa nini nisivushe gari?

Mjomba alinitazama weee, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Anampeleka mama na Mwanaesha Chovai vyovyote vile, kwa jamaa zetu. Anasema wale vijana wa bunduki wanaogopa maji, hawajui hata kuogelea. Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kutoka mbali, ni wiki hii. "Lete," kasema. "Twende tukachekwe."

Nimejaza tanki hadi mdomoni na dumu mbili juu yake.

Ijumaa, 18 Januari. Chovai

Limefika! Alhamdulillahi, limefika!

Niandike vizuri nisije nikasahau. Njia ya pwani ni mchanga mtupu na gari liko chini, linakwaruza tumbo. Tumelisukuma zaidi ya nilivyoliendesha, na dumu zote mbili zimeishia mchangani; tanki bado zima. Pwani ya bara, ng'ambo ya Chovai, mjomba alikuwa ameshafunga mashua mbili, yetu na ya kuazima, ubavu kwa ubavu, zimelala mchangani kwa maji kupwa, boriti zimepita juu toka moja hadi nyingine. Tukarundika mchanga, tukatandaza mbao, nikapanda nalo polepole mpaka magurudumu yakakaa katikati ya boriti. Nikazima. Tukaketi. Maji yakajaa yenyewe, yakatuinua, mashua mbili na gari. Mama alifumba macho toka ng'ambo hadi ng'ambo akisoma Yasini. Upande wa Chovai tukangoja maji yatoke tena, tukateremsha vilevile. Mjomba amelipaka sifa chini kote, mafuta ya papa, kama tunavyopaka mashua lisiliwe na chumvi. Linanuka vibaya mno. Nikaliwasha, bomba likatoa moshi wa papa, watu wakaziba pua na kupiga vigelegele kwa pamoja.

Kisiwa hiki hakina barabara. Hilo nalo nililijua.

Jumatano, 20 Februari

Siwezi kukaa. Nazunguka kisiwa kabla ya chai, nazunguka baada ya chai. Gari limesimama karibu na nyavu. Wanawake wanaanika samaki juu ya boneti kwa sababu bati linapata moto. Nimewafukuza. Wamerudi. Jioni watu wanakusanyika kusikiliza habari kwa redio ya gari, mimi nailinda betri. Habari ni zilezile. Kismayo imeshikwa na hawa, imeshikwa na wale.

Majirani wanaondoka kwenda Kenya. Kaskazi iko mgongoni mwao, hawahitaji hata mashine. Mama anataka twende. Nimemwambia tungoje kidogo, mambo yatatulia, nitalirudisha mjini. Anasema hataniacha nyuma mimi, mtoto wake wa kiume mmoja. Mjomba kasema, "Basi wachu wote tunangoja gari." Kasema taratibu tu, na imeniuma.

Pia ameomba mafuta kidogo ya mashine akavue mbali. Nimekataa. Mafuta ni ya kutokea na gari. Nikishayatoa, gari ni banda la kuku.

Ijumaa, 22 Machi

Ramadhani. Upepo umekatika. Tanga linaning'inia. Waliotaka kwenda wameshakwenda, na sasa kusi itaanza kuvuma usoni mwa anayetaka kwenda Kenya. Mwanaesha tumbo kubwa, miguu imevimba. Mama hanisemeshi. Nina hasira na kila mtu, zaidi na nafsi yangu.

Jumanne, 16 Aprili. Idi

Siku nzuri kuliko zote. Hata nikifa kesho.

Baada ya sala maji yalikuwa yametoka mbali, mchanga uko wazi, mgumu, umenyooka hata macho hayafiki. Nikasema, leo. Tukalisukuma hadi chini. Likawaka kwa shida, moshi wa papa, halafu likashika. Nikakanyaga. Kimya, kimya, kisha tabo ikaamka, na Chovai nzima ikapiga kelele. Nimewapakia wote kwa zamu. Mabibi na kanzu za Idi, wamejibana wanne nyuma. Mwanaesha mbele, ameshika tumbo, anacheka na machozi yanamtoka. Mama alikataa, akakataa, akapanda. "Pole pole, weye!" Halafu, "Tena."

Mwisho mjomba Shee. Nikamkimbiza hadi ncha ya kisiwa na kurudi. Kofia ikamruka. Kashuka kanishika bega, kasema sasa anaelewa. Ndivyo alivyosema: "Sasa nimekuelewa, Lali."

Tumekwenda mpaka maji yakaanza kurudi. Mshale wa mafuta umeshuka sana. Sijali.

Jumatatu, 22 Aprili

Vijana wa bunduki wamekuja Kudha, kisiwa cha jirani. Kwa boti za mashine. Hawaogopi maji, nani alisema wanaogopa maji? Wamechukua nyavu, redio, dhahabu za wanawake. Wamepiga watu. Waliotoroka wamefika leo asubuhi, na mmoja kasema wale vijana waliuliza kama ni kweli Chovai kuna gari jekundu.

Mjomba hakunitazama. Watu wengine walinitazama.

Nimeketi ndani ya gari, milango imefungwa.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeyatoa mafuta ya gari. Mpira mdomoni, nimevuta mwenyewe, nimemeza mengine, nimetapika, nimevuta tena. Mjomba ameshika ndoo. Na oili ya injini nimeitoa ya kuchanganyia, maana mashine ya mashua haitaki petroli tupu. Ndoo haikujaa. Mjomba aliitikisa, akatazama ndani, akasema itatosha kwenda.

Hakusema kurudi.

Mashua yetu inachukua nusu ya walio na haraka. Wajawazito, wazee, watoto wachanga. Waliobaki wataletwa kwa safari ya pili. Hakuna mashua nyingine yenye mashine hapa. Ufunguo nimeuacha palepale ndani ya gari, kama mama alivyotaka tangu Januari. Tunaondoka maji yakijaa.

Jumamosi, 27 Aprili. Kiunga

Tumefika Kenya. Mashine mbovu ilizima mara kwa mara, mjomba aliibembeleza kama mtoto mgonjwa. Mawimbi usoni njia nzima. Mwanaesha kashika uchungu tulipoiona nchi kavu, na kajifungulia nyumba ya watu tusiowajua, Mungu awajaze kheri. Mtoto wa kike. Wote wazima.

Mjomba anarudi leo kuchukua waliobaki. Tumezunguka Kiunga nzima kutafuta petroli, tumepata kidogo, kidogo mno. Nikasema niende mimi. Kakataa. Nikasema twende wote. Kasema nani atakaa na mamako. Nilitaka kumwambia habari ya siku ya Idi, kwamba mafuta tuliyoyachoma siku ile yangetosha kwenda na kurudi. Aliona nataka kusema. Akaninyooshea kidole kichwa cha mashua nikisukume, nikakisukuma. Kusi sasa itamsaidia kwenda, kasema, atatumia tanga, mashine aweke kwa kurudi.

Jumatatu, 6 Mei

Hakuna habari. Nakaa pwani. Mama naye anakuja, anakaa mbali nami. Kila mashua inayoingia nainuka. Si yeye.

Jumatano, 15 Mei

Wamefika watu wa Chovai, kwa mtumbwi na kwa miguu, wamepita bara na mikoko. Wao ndio waliokuwa kwenye mashua ya mjomba.

Mafuta yaliisha wakiwa njiani, hawajafika mbali. Kusi ikawarudisha nyuma. Boti ya wale vijana ikaja upande wao. Mjomba akaielekeza mashua kwenye mikoko, kawaambia rukeni, kimbieni. Yeye alibaki ameshika usukani ili ikae sawa wazee wapate kushuka. Wamesikia risasi. Baadaye mmoja alirudi kuangalia. Wamemzika palepale.

Mjomba Shee amekufa. Nimeandika. Sina la kuongeza.

Jumapili, 9 Juni. Kambini, nje ya Mombasa

Mvua asubuhi, hema linavuja upande wa miguuni. Nimechimba mfereji mdogo, maji yamepita. Mwanaesha anamnyonyesha mtoto. Mumewe ameleta salamu toka Jidda, atakuja.

Mama amepika chai ya tangawizi. Tangu juzi anazungumza nami. Hakunambia amesamehe, wala sikuuliza. Kaniuliza kama soksi zangu zimekauka.

Adhuhuri amepita msimamizi wa kambi, hema kwa hema. Lori la maji limekosa dereva na anatafuta kijana anayejua kuendesha. Mshahara upo, na chakula cha ziada. Kasimama mlangoni petu akaniuliza. Mama alikuwa anamimina chai.

Nimemwambia sijui kuendesha.

Mama alimaliza kumimina. Kanipa kikombe changu, msimamizi kaenda hema la pili. Mtoto amelala sasa. Mvua imerudi, ndogo ndogo.