Matembezi Yangu na Mama kwa Simu

Ziwani, Nairobi

Mdogo wangu Mwanahawa,

Assalam aleikum. Mimi ni mzima, tena mzima wa kuwashangaza vijana. Wewe u hali gani? Mgongo umepoa? Na Mama, miguu inasemaje? Nijibu la miguu kwanza, mengine baadaye.

Hapa mtaani mimi sasa ni mtu wa kutajwa. Kila Jumapili asubuhi, wewe unapomshika Mama mkono huko ufuoni, simu imefungwa kwenye leso yake, watu wa Ziwani wananiona napita na waya masikioni, suruali nimeikunja mpaka magotini kana kwamba maji yananifuata. "Niaje, Mjomba, wimbi limefika wapi?" Nawajibu, limefika kifundoni.

Mchokozi wao ni jirani yangu Baba Wafula, mzee wa Bungoma aliyestaafu reli. Nilimweleza kwamba kilima chetu cha mchanga ni kirefu hata mwezi huinama ukipita, na kwamba utotoni niliteleza kutoka kileleni pamoja na mbuzi wa babu, tukaja kusimama ng'ambo ya mwamba, mbuzi bado anatafuna. Akasema, "Mjomba, hicho kilima kila ukikitaja kinaongezeka. Mwaka ujao kitatuangukia hapa."

Lakini Mama hadanganyiki. Jumapili iliyopita nilikatiza soko la Kariokor, mafundi wanagonga viatu vya tairi. Akauliza, "Kombo, sauti gani hiyo?" Nikamwambia wananipigia ngoma, wameniona napita.

"Ngoma za nani? Muongo wewe. Tembea."

Nikatembea. Unakumbuka daktari alipomwambia atembee, naye akasema, "Nitembee niende kwa nani?" Ni mimi niliyesema, twende sote, Mama, wewe huko na mimi huku. Hilo daktari na vyeti vyake hakuliwaza. Sasa namsikia anavyohema, nakusikia ukimwambia akanyage mchanga mbichi, mkavu unachosha. Mkifika penye mivinje najua, maana upepo hupiga mluzi. Siku moja nilifumba macho ninuse mwani, nikagonga mkokoteni wa maji. Mwenye mkokoteni akaniomba radhi mimi, kwa jinsi alivyoona heshima yangu.

Sasa hili neno ulilonitumia. Kwamba watu wa hifadhi wataifunga njia ya kupanda kilimani mwezi ujao, wapande majani yaushike mchanga, na kila mtu, mgeni na mwenyeji, apite chini tu. Na kwamba Mama akifika chini ya kilima hukaa kitako akasema hapandi mpaka Kombo aje. Mwanahawa, mimi nikisikia mmenyamaza pale nilidhani anapumzika. Kumbe ananingoja.

Nilimwendea tajiri wangu pale kwenye nyumba ya wageni Eastleigh ninakolinda mlango, nimwombe ruhusa nije. Unanijua kwa maneno. Niliongea mpaka wapangaji wakatoka vyumbani kusikiliza. Akanisikia mpaka mwisho, akasema hakuna ruhusa mpaka baada ya Idd, na wakati huo njia itakuwa imeshafungwa. Ningeweza kukuandikia kwamba nikiuacha ule mlango jengo lote litaanguka. Halitaanguka. Kile kiti changu wanaokitaka ni wengi, na nikirudi nitamkuta mwingine amekikalia.

Kwa hiyo mpandishe. Jumapili hii, jua likiwa bado changa. Mwambie shemeji aache kuchimba kisima cha watu siku hiyo, amshike Mama upande wa pili. Piteni ubavu wa kusini, mchanga wake umeshikana, mpumzike atakapo. Akikataa, mwambie ni amri ya mwanawe mkubwa. Akinuna, na anune huku anapanda.

Msalimie shangazi, umwambie kofia aliyonishonea ndiyo ninayovaa Ijumaa. Mwanao Rehema mwambie mjomba wake amefurahi kusikia anawaongoza wageni ufuoni, ila asiwatajie yule mbuzi, hiyo ni yangu.

Mkifika juu, wewe usiseme kitu. Muachie Mama simu. Aniambie mwenyewe bahari imekaaje, na kama paa letu bado linaonekana kutoka pale. Na akitaka kukaa asubuhi nzima, mwache akae. Hapa sitakuwa natembea. Nitasimama mahali pamoja, nimsikilize.

Ni mimi kaka yako,
Kombo